Kompyuta Imegoma: Itafute Ilipokwama Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ikigoma hapa kwetu Simiyu, iwe ya steshenari jirani na stendi ya Bariadi, ya mwalimu wa Itilima au ya karani wa chama cha ushirika (AMCOS), dawa inayotajwa kwanza ni ileile: tupige Windows. Ninakuomba uifanye hiyo iwe dawa ya mwisho. Windows ikipigwa, yaani ikiwekwa upya, kwa pupa diski hufutwa, na humo ndimo zilimo alama za wanafunzi, orodha za wakulima na kilo zao za pamba, vyeti vilivyoskaniwa, picha za harusi na za mazishi. Mashine nyingine utainunua ukijaliwa. Sauti ya marehemu iliyorekodiwa humo huinunui popote. Tena, ugonjwa wenyewe mara nyingi hauko kwenye Windows kabisa. Uko kwenye chaja iliyochoka, kwenye vumbi lililoziba feni, kwenye ramu iliyolegea, au kwenye kibetri cha duara kama kile cha saa.

Swali la kujiuliza ni moja: imekwama wapi? Kompyuta huamka kwa hatua. Umeme unatoka ukutani, unapita kwenye chaja au pawasaplai, unafika kwenye madabodi. Madabodi inaamsha prosesa, inakagua ramu, inawasha skrini, kisha inatafuta diski. Diski ndiyo inayoleta Windows, na Windows ndiyo inayofungua programu zako. Hatua hizo hazirukwi. Ukiona nembo ya Dell au HP kwenye skrini, basi umeme, prosesa, ramu na skrini vimeshafanya kazi, na asikudanganye mtu kwamba madabodi imekufa. Kama haionyeshi hata taa moja, Windows haijafikiwa bado, na anayetaka kuipiga anatibu mguu kwa maumivu ya jino.

Anzia ukutani

Chomeka chaja ya simu au taa kwenye soketi ileile. Hatua hii usiidharau. Ekstensheni za bei rahisi hulegea shaba za ndani, leo zikapitisha umeme na kesho zikagoma. Kama mashine inapitia kwenye UPS, itoe UPS katikati, chomeka moja kwa moja ukutani. UPS ndogo nyingi zina betri ya asidi ya volti 12, na joto huichakaza haraka. Betri hiyo ikifa, UPS hulia na kukata kila umeme unapotetereka, na mwenye mashine huamini kompyuta ndiyo inayojizima.

Umeme wetu umepangwa kuwa volti 230. Nyumba iliyo mbali na transfoma, jioni watu wote wakiwa wamewasha, hupata pungufu ya hapo, na utaiona taa imefifia. Soma maandishi kwenye chaja ya laptopu: nyingi zimeandikwa 100–240V, maana yake huvumilia umeme mdogo. Kompyuta za mezani, hasa za zamani, hazivumilii kiasi hicho. Hujizima na kujiwasha. Kwa mtu wa kijijini Meatu au Busega anayechagua cha kununua, mimi ningemshauri laptopu kwa sababu hiyo peke yake, achilia mbali kwamba ina betri yake.

Kompyuta ya mezani ina mambo mawili ya kuangalia nyuma, pale waya mkuu unapoingia. Kuna swichi yenye 0 na I. Anayefagia ofisi huibonyeza bila kujua, na asubuhi inayofuata mashine inasemekana imekufa. Kwenye pawasaplai za zamani kuna pia kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Mashine za mtumba zilizotumika Marekani zinaweza kufika zikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwa umeme wetu utasikia mlipuko na kunusa harufu ya kuungua. Kikague hicho kabla hujachomeka chochote. Na pawasaplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa: ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme wa kuweza kukudhuru. Hubadilishwa nzima.

Chaja ya laptopu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu watu hutengenezewa madabodi wakati chaja ndiyo mbovu. Azima chaja nyingine ya mashine ya aina ileile. Volti lazima zilingane, kwa kawaida 19.5 kwa Dell na HP na 20 kwa Lenovo. Ampea zilingane au zizidi, zisipungue. Chaja za Dell zenye ncha ya duara zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikipinda au waya wake ukikatika ndani, kompyuta itawaka lakini haitachaji betri, tena itaenda polepole mno, kwa sababu imejipunguzia nguvu kwa kutoitambua chaja. Wapo wengi waliopigiwa Windows kwa ajili ya uzito huo, ikarudi nzito vilevile.

Kama taa zote zimezima na chaja ni nzima, fanya hivi kabla ya kumwita mtu. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Umeme uliobaki kwenye madabodi unaisha, na mashine iliyoganda hupata nafasi ya kuanza upya. Rudisha chaja peke yake, bila betri, uiwashe. Wakati mwingine hiyo ndiyo tiba nzima, na haina gharama. Kama betri imefungwa ndani na haitoki, kubonyeza kitufe hivyo hivyo bila chaja bado kunasaidia.

Inawaka, skrini nyeusi

Hapa feni inazunguka, taa zinawaka, kioo kiko kimya. Zima taa ya chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ukiona picha hafifu, kompyuta ni nzima na kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa kioo au waya wake. Au iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, unajua tatizo liko kwenye kioo, na kazi zako unaweza kuzihamisha leo hii ukitazama kwenye televisheni.

Picha isipotokea popote, ramu ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Zima, chomoa chaja, toa betri, gusa chuma kitupu kisicho na umeme ili kuondoa umemetuamo mwilini mwako, kisha fungua kifuniko cha chini. Ramu ni kibao kirefu chembamba kilichobanwa na vibanio viwili pembeni. Kitoe. Sugua sehemu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha mwanafunzi, pangusa unga wa kifutio kwa kitambaa kikavu, kirudishe mpaka vibanio vilie. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila tundu kwa zamu yake. Kazi ya robo saa, na huokoa mashine nyingi zilizokwisha kuandikiwa kifo.

Mashine yenyewe pia huongea. Nyingine hulia milio mifupi na mirefu. HP nyingi humeta taa ya kitufe cha herufi kubwa. Dell humeta rangi mbili kwa kupokezana. Idadi ya milio na mimeto ina maana, na kila kampuni ina jedwali lake. Irekodi kwa video ya simu tangu unapobonyeza kitufe. Video hiyo mtumie fundi aliye Mwanza au popote kabla hujapanda basi, maana anaweza kukuambia ni ramu, ni prosesa au ni madabodi huku wewe bado uko nyumbani.

Kibetri cha duara nilichokitaja kinaitwa CR2032, cha volti 3, na kinakaa kwenye madabodi kutunza saa na tarehe. Kikichoka, kompyuta ikizimwa husahau tarehe na kurudi miaka kadhaa nyuma. Matokeo yake yanapotosha sana: mtandao upo, WhatsApp kwenye simu inafunguka, lakini tovuti za ajira, za mikopo ya elimu ya juu na za leseni zinagoma kwenye kompyuta na kutoa onyo la usalama. Tovuti hizo zina vyeti vya kielektroniki vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani bado tuko 2015 inaviona batili. Tazama saa kwenye kona ya skrini kabla hujalaumu bando. Rekebisha tarehe kazi iendelee, kisha nunua kibetri.

Vumbi la Simiyu

Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, vumbi letu ni laini na linaingia kila mahali. Maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, waliokuja na laptopu zao kutoka mikoa mingine walikutana na kiangazi hikihiki cha Agosti ambacho mashine zetu hukaa nacho miezi mingi. Mashuleni linaongezeka vumbi la chaki, na chaki zinatengenezwa hapahapa Maswa. Jirani na viwanda vya kuchambua pamba kuna nyuzinyuzi zinazoelea msimu mzima. Nyuzi hizo ndizo mbaya kuliko vyote. Vumbi peke yake hupeperuka, lakini likichanganyika na nyuzi za pamba hujikunja kati ya feni na mapezi ya shaba na kuwa kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti. Feni inanguruma bure.

Dalili zake ni hizi: kompyuta inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi au ishirini, inaanza kuwa nzito, chini yake hapashikiki, kisha inazima ghafla bila kuaga. Ukiiacha ipoe inawaka tena. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za joto, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Inajiokoa. Kuipiga Windows mashine ya namna hii hakusaidii chochote, na inaweza kuzima katikati ya kazi hiyo ikaharibika zaidi.

Kuisafisha si kazi ngumu, ila ina masharti. Usiipeleke kwa mjaza upepo wa matairi. Kompresa yake hutoa upepo wenye maji na mafuta, na nguvu yake inavunja mabawa ya feni. Usipulize kwa mdomo pia, maana unapulizia mate. Tumia blowa ndogo ya umeme au brashi laini mpya ya rangi. Kabla ya kupuliza, zuia feni kwa kijiti cha kiberiti isizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo huweza kuzalisha umeme wa kurudi kwenye madabodi, na beringi zake huchakaa. Kama unaweza kufungua, toa feni kabisa, kisha ondoa lile blanketi kwa koleo ndogo au ncha ya brashi. Ukipuliza kutoka nje bila kufungua, unalisukuma ndani.

Kati ya prosesa na bomba la shaba kuna pesti ya kupitisha joto, ambayo hukauka baada ya miaka. Ukiinua bomba hilo, pesti lazima ibadilishwe: futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno haifai hata kidogo, ingawa wapo wanaoipaka. Inakauka upesi na mashine inarudi ilipokuwa.

Kwenye maboksi ya kompyuta za mezani utakuta na wapangaji. Mijusi hutaga humo, mende huzaana kwenye joto la pawasaplai, sisimizi hujenga, panya hutafuna nyaya. Matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi baada ya kadi kutolewa yazibwe kwa vibati vyake au wavu mwembamba. Boksi lisikae sakafuni. Kitambaa cha kufunika ni kizuri usiku mashine ikiwa imezimwa. Mchana ikiwa inafanya kazi kinaizuia kupumua.

Diski: okoa kazi kwanza

Sasa tumefika mahali panaponifanya niandike mwongozo huu. Mashine imewaka, nembo imetokea, kisha yanakuja maandishi meupe kwenye weusi yakisema hakuna diski ya kuanzia, au Windows inazunguka vitone vyake bila mwisho. Chomoa flashi zote kwanza, kwa kuwa mara nyingine mashine inajaribu kuanzia kwenye flashi isiyo na kitu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, yaani BIOS, kwa kitufe chake: F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Tafuta kama diski imeorodheshwa kwa jina na ukubwa. Ikiwemo, kuna matumaini makubwa. Isipokuwemo, ifungue na uichomeke upya, maana hulegea kwa mitikisiko ya barabara.

Kama ni diski ya kuzunguka, isikilize. Mlio wa kugonga, tak, tak, tak, ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia. Zima papo hapo. Kila dakika unayoiacha iwake kichwa hicho kinaweza kukwaruza sahani zilizobeba kazi zako. Usiitie kwenye friji, usiigonge, usiipe amri ya kujikagua. Kama ndani kuna kitu kisicho na mbadala, diski hiyo inahitaji mtaalamu wa kuokoa data mwenye vifaa vyake, na huyo wa kumpata ni wa jiji kubwa.

Isipogonga, unaokoa mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoa diski, kuiweka kwenye kava la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nzima kama flashi. Kava la diski za SATA za laptopu si ghali, na kila steshenari ingefaa iwe nalo moja. Ya pili haihitaji bisibisi: andaa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, ambayo hupakuliwa bure, kwa kutumia programu ya Rufus. Iwashe mashine mbovu kupitia flashi hiyo kwa kubonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo au F9 kwenye HP. Linux itafunguka bila kugusa diski, na utaona mafolda yako yote. Nakili kwenda diski ya nje. Anza na nyaraka, kwa sababu ni ndogo na ndizo zenye uzito, fuata picha, video ziwe mwisho. Diski ikikata tamaa katikati, angalau kilichohitajika zaidi kimeshatoka.

Kuna kikwazo kimoja cha kukijua mapema. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa BitLocker, na ukiitoa au ukibadilisha mipangilio ya BIOS hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, au kwa mkuu wa TEHAMA wa taasisi yako kama mashine ni ya ofisi. Ingia uutafute leo mashine ikiwa nzima, uuandike kwenye daftari. Bila huo, hakuna fundi wa kukufungulia.

Na kama tayari mtu ameshapiga Windows na mafaili hayapo? Acha kuitumia mashine hiyo sasa hivi. Kwenye diski ya kuzunguka, vilivyofutwa hubaki mpaka viandikwe juu yake, na programu za bure kama Recuva, TestDisk na PhotoRec zinaweza kurudisha sehemu kubwa. Usizipakulie kwenye diski hiyohiyo. Chomeka diski kwenye mashine nyingine. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, nafasi ni finyu mno, kwa sababu SSD husafisha nafasi zilizofutwa yenyewe.

Kazi zikishakuwa salama mahali pengine, piga Windows upendavyo. Hata hapo, tazama kwanza kama Windows yenyewe inaweza kujirudisha kwa lile chaguo la kuanza upya huku mafaili yakibaki. Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD wakati huohuo. Sijaona matengenezo mengine yanayompa mtu furaha kwa bei ndogo kiasi hicho: mashine iliyokuwa inawaka kwa dakika tano inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Mafaili yamegeuka njia ya mkato

Kila anayeendesha steshenari anajua kisa hiki. Mwanafunzi analeta flashi yenye barua ya maombi, na ndani kuna vialama vyenye kamshale kadogo, ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Analia kwamba kazi imefutwa. Haijafutwa. Kirusi kimeficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato zinazokibeba chenyewe. Usibofye hata moja. Acha Defender, ambayo imo bure ndani ya Windows, iikague flashi na kompyuta. Kisha fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, na kama flashi inasomeka kuwa E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize, na mafaili yatatokea. Futa njia za mkato, nakili mafaili, fomati flashi. Hii ni huduma ya kumfanyia kijana bila kumtoza, hasa kipindi cha maombi ya vyuo.

Virusi vingi huingia pia kupitia programu za kuvunja leseni zinazosambazwa kwenye flashi za mafundi. Anayekuwekea Windows au Word ya kuvunja anazima ulinzi kwanza ili programu hiyo isizuiwe, na kirusi kilichomo kinapita bila kuonekana; wengi hawajui kama wanakiingiza. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Masasisho ya kawaida ya usalama yamekoma. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, karibu zote zinazokubalika ni za kizazi cha nane kwenda juu. Ukinunua laptopu ya mtumba yenye i5, soma tarakimu zinazofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya miaka utakayoitumia. Aliye na ya zamani asiitupe. Linux Mint na LibreOffice vinachapa barua na kufungua mtandao vizuri kabisa.

Radi

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na sisi tuko pembeni yake. Wingu likiwa jeusi upande wa Lamadi, chomoa. Kuzima swichi hakutoshi, wala UPS wala stabilaiza haizuii radi iliyopiga nguzo ya karibu. Chomoa pia waya wa intaneti na wa dishi, kwa kuwa huko nako radi hupita. Umeme ukikatika, chomoa mashine mara moja. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa mpaka taa zitulie ndipo uchomeke. Nyumba isiyo na waya wa ethi ulioshuka hadi ardhini haina ulinzi wa kweli, na kompyuta ya mezani itakuonya kwa kukutetemesha vidole ukigusa boksi. Hilo mwite fundi umeme, ni hatari kwa mtu kabla ya mashine.

Chai au soda ikimwagikia laptopu: zima kwa nguvu, chomoa chaja, toa betri, ifungue kama hema uilaze kifudifudi, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa kwa spiriti. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi sukari.

Ukimpelekea fundi

Mafundi wazuri wapo Bariadi, na kazi yao wanaifanya kwa uhaba wa vipuri, vingi vikisubiriwa kwa basi kutoka Mwanza. Wape heshima ya kuwaeleza vizuri. Badala ya kusema “imekufa tu”, sema: “Fundi, ilikuwa inawaka, nembo inatokea, kisha inaandika hakuna diski; nimeshajaribu kuchomeka upya.” Sentensi hiyo inampunguzia nusu siku. Mwambie waziwazi, na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: ISIPIGWE WINDOWS BILA KUNIPIGIA.

Kama una diski yenye vyeti vya wateja, namba zao za NIDA au majina ya wakulima, na tatizo ni chaja, kioo au feni, itoe diski ubaki nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayekusanya taarifa za watu, na steshenari inakusanya nyingi kuliko inavyofikiri. Piga picha ramu na diski, namba zake zikionekana, kabla hujaiacha mashine. Kubalianeni bei ya kukagua peke yake, tofauti na ya kutengeneza, ili fundi asilazimike kutafuta ubovu usiokuwepo apate chakula cha siku. Omba kirudishwe kipuri kilichotolewa.

Madabodi ikiwa ndiyo imeungua kweli, kwenye mashine ya umri mkubwa, usiitengeneze. Nunua nyingine ya mtumba ya aina ileile, hamisha SSD na ramu, na ile ya kwanza iweke kwa ajili ya kioo, kibodi na chaja. Siku ya kuchukua mashine usilipe mlangoni. Kaa hapo iwake saa nzima na kazi nzito ikiendelea, video mbili tatu kwa mpigo, chaja ikichomolewa na kurudishwa. Gusa chini yake, tazama tarehe kwenye kona, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, kisha toa hela.